Kina

Mchungaji Prydderch, nimekuja na brashi na ndoo
kukusugulia kuvu kwenye jiwe.
Sikuja kwa mapenzi. Ni zamu yangu,
imeandikwa mlangoni mwa kanisa chini ya jina la Mama Hopcyn.

Hapa Welisi mvua haina masika wala vuli:
hunyesha, hupumzika kidogo, hunyesha.
Na mlima uliotulisha bado umekatwa ngazi ngazi
kama keki ya arusi ya mtu mwingine.

Wanaokusifu huanzia mwaka wa mgomo.
Mimi naanzia nyuma kidogo, kwenye kinanda.
Mwenye machimbo alikitoa, nawe ukamlipa beti kumi na mbili:
ukamwita mwerezi, ukamwita kisima,
naye hakujua hata neno moja la lugha yetu;
akatafsiriwa na karani, akaangalia saa.

Kisha akapunguza ujira, akafukuza watatu waliouliza,
na wanaume elfu na mia mbili wakashusha nyundo.
Ndipo ukabadilika, nakiri.
Nilikuona darajani mbele ya farasi wa askari,
Biblia kwapani, miwani imejaa ukungu,
ukiwauliza kwa Kiingereza chako cha kuungaunga
mama zao wanaitwa nani.
Ulizunguka na kwaya hadi Liverpool,
mkarudi na sarafu ndani ya soksi.
Shemasi mkuu akakukatia posho;
ukala viazi kama sisi, bila chumvi kama sisi.
Usiku uliandika. Mistari yako ilibandikwa madirishani
kabla wino haujakauka,
ikatutia joto kuliko makaa,
maana makaa hayakuwepo.

Kisha baridi ya pili. Mabli wetu, miezi saba,
alikohoa mpaka akasahau kulia.
Maji yalizidi unga, halafu unga wenyewe ukaisha.
Alfajiri moja baba alitoka, viatu mkononi,
majirani wasisikie kokoto,
akapanda mlimani, akachukua nyundo.

Jumapili ile ukatusomea utenzi mpya. Hukutaja jina.
Hukuhitaji: tulikaa benchi la tatu,
na la pili na la nne yalikuwa matupu.

    Kuna unga una damu,
    mwokaji hana fahamu,
    watoto waona tamu,
    chachu yake usaliti.

Nilikuwa na miaka minane. Asubuhi ile nilikula mkate.
Ulikuwa mtamu.
Ulijuaje?

Mabli aliishi. Yuko Cardiff, ana wajukuu, hapendi mashairi.
Mgomo ulivunjika mwaka wa tatu,
na waliobaki wakarudi mmoja mmoja
kwa njia ile ile aliyopita baba, ila mchana.
Hao hukuwatungia kitu.

Ulipokufa, kamati ikataka ubeti wako bora uchongwe.
Wakapiga kura. Ukashinda huo.
Na bonde zima, mkono uliolijua jiwe ulikuwa mmoja.
Baba, kifua tayari kimejaa vumbi, hakuuliza bei.
Alichonga siku tisa bandani, akipumzika kukohoa.
Hakukosea hata nukta.
Ila neno la mwisho alilizamisha zidi ya mengine;
kidole changu huingia mpaka ukucha unapotea.

Nilimwuliza: unakiri, au unamjibu?
Akapuliza vumbi kwenye patasi.
"Shairi lina kina, binti. Na jiwe nalo lina chake."

Mvua ikikatika, maji hutuama pale, ndani ya usaliti,
na ndege mdogo wa kijivu huja kunywa.
Herufi nyingine nazisugua. Hizo naziacha na maji yake.

Haya. Ndoo imekwisha, magoti yananiuma.
Kesho tutaimba ule wimbo wako wa kondoo aliyepotea kwenye theluji.
Huo, Mungu anisamehe,
naupenda.